Funga Kanga Kwenye Mwanzi Kwanza

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu alipiga hodi akiwa na ndoo ya lita 20 mkononi. Nikadhani amekuja kuomba maji. Akaiweka ndoo barazani, akakaa, akaulizia hali ya watoto, akanywa chai, akazisifu chapati. Alipokuwa anaaga ndipo akaigusa ile ndoo kwa ncha ya ndara. "Jirani, huu mzigo ni wako. Nimeutoa kwenye gata zangu." Nikachungulia. Vijiti vya mvinje vilikuwa vimeshindiliwa hadi ukingoni, vimeloa, vyeusi kama majani ya chai yaliyobaki birikani.

Hakugomba, wala hakwenda kwa mjumbe. Lakini ndoo ile ilinikodolea macho barazani siku nzima, na ndiyo inayonifanya niandike wito huu sasa, kabla masika hayajaingia na kabla hamjaanza kuegesha magari pembeni mwa barabara kuchagua miche.

Kisa chenyewe anakijua kila anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam, na nadhani hata wenzetu wa Nyali au Kiambu. Ulinunua kiwanja pakiwa pori. Ukajenga nyumba ya chini, uani ukaweka jiko la mkaa, kamba ya nguo na mkeka chini ya mwembe. Miaka ikapita, jirani naye akajaliwa, akainua ghorofa. Siku dirisha lake la juu lilipofunguliwa kwa mara ya kwanza, uani kwako pakawa ukumbi. Hana nia mbaya, dirisha ni la kuingiza hewa. Ila mkeo hawezi tena kujitanda kanga moja akaenda kuanua nguo, na mama mkwe akija analia chakula ndani kwenye joto.

Basi nikaenda kwa wauza miche. Nikamwambia kijana nataka kitu kinachokua haraka na kisichopukutisha majani. Hakufikiri mara mbili. "Bosi, chukua mvinje. Mwakani hata sauti ya jirani hutaisikia." Nikachukua minane. Nikaipanda mstari mmoja, hatua mbili mbili, nimeubana mpaka kabisa ili nisipoteze eneo langu, nikaimwagilia kama mtu anayelea mapacha.

Kijana hakunidanganya. Mvinje kwenye mchanga wa pwani, ukipata maji, unaweza kurefuka mita 2 hadi 3 kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo. Mwaka wa pili lile dirisha silioni tena. Wageni wakija nawatembeza uani kuwaonyesha ukuta wangu wa kijani. Kitu kimoja tu sikukiuliza siku ile ya kununua: ukishafika kimo ninachokitaka, nani atauambia usimame?

Wahenga walisema kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wao walikuwa wakizungumzia kukwea. Kiswahili kwa ukarimu wake kimeweka kukwea mti na kuutia mche ardhini katika neno lilelile, na mimi ngoma niliichezea huku kwa pili. Mwaka wa tano mivinje ilikuwa imelipita paa la ghorofa. Kusi ikianza kuvuma, kila kilichodondoka kilivuka mpaka.

Siku moja chukua kile tunachokiita jani la mvinje, ukivute taratibu kwa vidole viwili. Kitaachana pingili kwa pingili, kama muwa wa kuchezea watoto. Hilo si jani, ni kijitawi. Majani yenyewe ni vile vijino vidogo vinavyozunguka kila pingili, ambavyo bila kukaza macho huvioni. Kijitawi hicho kikianguka juu ya bati hakipeperuki kama jani la mwembe. Hutelezea kwenye gata, kingine kikalala juu yake, mvua ikaja ikavisuka mkeka. Maji ambayo jirani yangu alikuwa anayakinga kwa ajili ya tangi lake yalikuwa yakipenya kwenye mkeka huo, tena yale yaliyofanikiwa kupenya.

Hapa wengi tunajichanganya. Mti usiopukutisha majani si mti usiodondosha kitu. Majani yake yanazeeka na kuanguka kama ya mti mwingine wowote, ila hayaanguki yote kwa mkupuo msimu mmoja. Mwenye mti wa hivyo anafagia Januari na anafagia Agosti.

Simlaumu mvinje. Mwaka 1971, Bamburi karibu na Mombasa, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba wa matumbawe mtupu, bila udongo wa kujaza hata kiganja. Katika aina 26 za miti alizozijaribu, 3 tu ndizo zilizoshika: mvinje, mnazi na damas. Mizizi ya mvinje hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana unanawiri penye njaa. Vile vijiti vilivyojirundika chini vilikataa kuoza hadi yakaletwa majongoo kuvitafuna, na hapo ndipo udongo ulipoanza kupatikana. Leo pale ni msitu, na watu wanalipa kiingilio kwenda kupunga upepo. Huyo damas naye, mti wenye asili ya Somalia na Yemen, waulizeni ndugu zetu walioko Ghuba. Ulipandwa kule kwa wingi uwe ua wa kukinga macho na vumbi, ukapaa kwa kasi ya ajabu, kisha mizizi yake ikaenda kutafuta maji ndani ya mabomba na karo za watu. Mti uliosaidia kufufua machimbo Mombasa, Kuwait unaitiwa mafundi bomba.

Waingereza wao walifika hadi bungeni. Mwaka 1888 katika bustani ya Leighton Hall, huko Wales, misaipresi ya aina mbili kutoka magharibi ya Amerika Kaskazini, ambayo porini haikutani, ilichavushana ikazaa mti mpya, msaipresi wa Leyland. Unakaribia mita 1 kwa mwaka, ni mzito wa majani na hauna msimu wa kuwa kipara. Watu wakaupanda nyuma ya nyumba zao mtaa baada ya mtaa, nao ukaendelea kupanda. Majirani wakakosa jua sebuleni, wakapelekana kwa mawakili. Mwaka 2003 sheria iliyotungwa kudhibiti tabia zinazokera jamii, ileile iliyogusa makundi ya kihuni mitaani, ikaongezewa sehemu nzima juu ya ua mrefu. Ikafafanua kabisa: miti miwili au zaidi isiyopukutisha majani, iliyo mstarini, iliyopita mita 2, ikimziba jirani mwanga. Mwenye ua anaweza kuamriwa na halmashauri aupunguze.

Sisi hatujafika huko, na naomba tusifike. Kwangu ndoo moja ilitosha.

Ndugu msomaji, ombi langu kubwa ni hili: usianze na jina la mti, anza na kimo. Kaa pale hasa unapotaka kufichwa, kwenye mkeka uleule, kigoda kilekile. Mpe mtu mwanzi mrefu uliofungwa kanga nchani, asimame nao mpakani, aupandishe na kuushusha hadi lile dirisha lipotee nyuma ya kanga. Pima. Kisha mwambie akusogelee hatua kwa hatua. Utaona kanga inashuka. Kizuizi kikiwa karibu na jicho hakihitaji urefu, kama vile kiganja kinavyoweza kuuziba mwezi.

Nilipofanya hivyo mwaka jana nilitaka kucheka na kulia. Mpakani kanga ilihitaji mita 4 na nusu. Ilipofika hatua tatu kutoka mkekani, hata mita 2 na nusu hazikutimia. Upana wake ulikuwa wa vichaka vitatu tu. Na mimi nilipanda miti minane inayoweza kufika mita 20!

Kwa kimo kama hicho huhitaji mti wa kupimana na mawingu. Unahitaji mmea ambao wewe mwenyewe, ukiwa juu ya stuli na mkasi wa bustani, unaufikia kilele. Kwenye joto letu la pwani mndimu unatosha sana: kijani mwaka mzima, unavumilia kukatwa, na supu ya pweza haikosi ndimu. Mtandamboo ni wa kwetu, una miiba, maua meupe yenye harufu, na matunda meusi ambayo watoto huyamaliza kabla hujajua yameiva. Ukiwa na haraka sana, chomeka fito, tandika makuti au upandishe mpesheni, vikusitiri wakati mche unajipanga. Haraka ya mwaka mmoja isikuchagulie mti wa miaka arobaini.

Wapo ambao kanga yao itagoma kushuka. Kiwanja ni chembamba, ghorofa ni tatu, na mita 6 au 7 hazikwepeki. Kwa hao, nitautetea mwashoki ingawa najua umeshachosha macho. Ule mwembamba ulionyooka, wenye majani marefu yenye mawimbi ukingoni yanayoning'inia kama mtu aliyelowa mvua, asili yake ni India ya kusini na Sri Lanka. Uzuri wake ni kwamba haunyooshi mikono. Unasimama kwenye eneo dogo, matawi yake yanaelekea chini, hautambi juu ya bati la mtu. Upande umbali wa mita 1 hadi 1 na nusu kati ya mche na mche, na uuache mpaka kwa mita 2 ili uweze kuzunguka nyuma yake kuukata ukiwa bado ndani ya kiwanja chako. Ujue tu kwamba matunda yake yanapendwa na popo, na popo hawana adabu ya kuchagua wapi pa kutemea kokwa. Jambo jingine: usiuweke chini ya nyaya za umeme. Siku ya siku watakuja mafundi na msumeno, watakata kilele, nao utatoa vichwa vingi ubaki kama ufagio uliogeuzwa. Barabara zetu zimejaa mifagio hiyo.

Nyanda za juu mambo ni tofauti. Kule Limuru, Lushoto au Njombe watu wamezoea ua wa msaipresi, nao ukinyolewa mapema na mara kwa mara unapendeza kweli. Lakini usiuache ukakushinda kisha ukaufyeka hadi kwenye matawi makavu ya ndani, maana pale palipogeuka kahawia hapachipui tena, utabaki na tundu la kudumu. Tena wazee wa Kenya wanakumbuka kilichotokea kuanzia mwaka 1990, pale vidukari wa msaipresi walipoingia na nyua zilizokuwa fahari ya familia zikakauka upande mmoja, kisha upande wa pili, kama zilizopitiwa na moto. Ua wote ulikuwa wa aina moja ya mti, kwa hiyo mdudu alikuta meza imeandaliwa kutoka kona hadi kona. Changanyeni. Mistari miwili mitatu ya aina tofauti haitanyooka kama gwaride, lakini ugonjwa ukija hautafagia yote.

Anayeogopa wezi au ng'ombe wa watu apande kayaba, ile michongoma iliyopewa jina la mto Kei wa Afrika Kusini. Inachukua miaka mitatu minne kushikana, ila ikishikana hata paka anazunguka kwenda getini. Matunda yake ya njano ni makali kwa uchachu na hutengenezwa jamu. Kama yote uliyopanda haizai, huenda umeangukia midume mitupu, kwa kuwa dume na jike wake ni miti tofauti.

Sasa neno la tahadhari. Kiswahili kina ua la kunusa, kina ua wa kuzungushia nyumba, na kina ua ya kutoa roho. Tafadhali tusiyachanganye. Minyaa inapandwa kwa kuchomeka kijiti tu, ni kijani kiangazi na masika, haidai kitu. Lakini utomvu wake mweupe ukirukia jicho unaweza kulipofusha, na wanaoikata mara nyingi ni vijana wa vibarua wasio na miwani ya kujikinga. Penye watoto wadogo nisingeiweka. Na ule mti wa mapambo wa majani madogo yanayong'aa, ambao wauza miche huuita fikasi, ukiupanda karibu na karo au msingi utakuja kuukumbuka siku sakafu itakapoanza kuinuka.

Ukifika kwa muuza miche, usivutiwe na mche mrefu kuliko yote. Nilishawahi kununua mwashoki wa mita 2 uliokaa kwenye kiriba kisichozidi chungu cha maua. Nilipokichana nikakuta mizizi imejizungusha ndani kama waya wa pasi uliosokotwa, haina tena hamu ya kwenda popote. Mwaka ukaisha haujaongeza hata kiganja, na mche mdogo wa jirani yake ukaupita. Chukua mche wa kimo cha goti au kiuno, uliosimama imara bila kuegemezwa, mizizi haijatoboa kiriba. Chimba shimo pana kuliko unavyodhani inatosha, rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri, tandaza majani makavu juu bila kuyagusisha shina. Kiangazi kikifika, chupa ya maji iliyotobolewa kitundu kimoja kwenye kifuniko, ikachomekwa kichwa chini pembeni ya mche, inafanya kazi kubwa kuliko ndoo iliyomwagwa kwa hasira Jumapili moja.

Wauza miche nao nina ombi kwao. Andikeni kibao kidogo, hata kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi: huu ukikomaa unafika mita kadhaa. Mnajua, kwa sababu miti mama iko nyuma yenu. Mteja akiona "mita 20" atarudi kuuliza maswali mazuri zaidi, na pengine atanunua miche mitatu badala ya minane, lakini atawaleta na wenzake. Kwenye mikutano ya mtaa pia, baada ya taka na mitaro, tutenge dakika kumi za kuzungumza juu ya mipaka yetu: tunapanda umbali gani kutoka kwenye bikoni, nani anakata upande upi, majani yaliyovuka ni ya nani. Inasikika kama jambo dogo mpaka uone watu wazima wawili wakirushiana matawi juu ya ukuta.

Na kabla ya yote hayo, kabla ya jembe kugusa ardhi, nenda kapige hodi. Mwambie jirani unataka kupanda nini na wapi. Kama naye anatafuta faragha, na mara nyingi anatafuta, mstari mmoja mliokubaliana unawatosha wote wawili, na gharama ya kumwagilia mnagawana. Kule Kilimanjaro Wachagga hupanda masale kwenye mipaka ya vihamba. Jani la mmea huohuo, likifungwa fundo, ndilo analopelekewa mtu uliyemkosea kumwomba msamaha, na ni vigumu kulikataa. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ya ndoo. Mtu anapokwenda kuungama kosa, njiani anakatia jani palepale penye ugomvi.

Mimi masale sikuwa nayo. Ndoo ya jirani niliirudisha na maembe, maana chombo cha watu hakirudi kitupu, na wiki iliyofuata nikaita mafundi wakaiangusha mivinje, wajenzi wakainunua yote kwa nguzo. Kisha nikamwomba anisaidie kupima. Mwanangu alishika mwanzi, kanga ya mama yake ikipepea nchani. Mimi nilikaa mkekani kama nilivyokaa siku zote, na jirani akapanda juu kwake, akafungua lile dirisha, akaegemeza viwiko.

"Pandisha kidogo!" akampigia kelele kijana. "Kipara cha baba yako bado nakiona."